Shahidi Mmoja Hafungi Kesi: Duccio, Cimabue na Bikira wa Santa Maria Novella



Picha niliyoiweka ukutani ni ya ubao mmoja wenye urefu wa mita nne na nusu na upana wa karibu mita tatu. Tungeusimamisha ubao wenyewe humu ukumbini, ncha yake ingezifikia feni zile. Bikira Maria ameketi kwenye kiti cha enzi, amempakata Mtoto Yesu. Pembeni wamepiga magoti malaika sita, watatu kila upande, mmoja juu ya mwenzake, na chini ya magoti yao hakuna sakafu. Nyuma hakuna mbingu wala ukuta. Ni dhahabu tupu.

Ubao huu ulichorwa Florence, Italia, katika karne ya 13, kwa ajili ya kanisa la Santa Maria Novella la watawa Wadominikani. Leo uko katika Makumbusho ya Uffizi, mjini humo humo. Huitwa Bikira wa Rucellai, kwa kuwa kwa muda mrefu ulitundikwa katika kikanisa cha ukoo wa Rucellai ndani ya Santa Maria Novella. Hauna saini.

Nani aliuchora? Kwa zaidi ya miaka 300 kila aliyeulizwa alijibu bila kusita: Cimabue wa Florence. Leo lebo ya Uffizi inamtaja mtu mwingine, wa mji mwingine: Duccio di Buoninsegna wa Siena. Nitawasimulia jinsi jina lile lilivyoondoka na hili likaingia. Ila simulizi hii naitumia kama chombo cha kubebea hoja. Hoja yenyewe ni kwamba kunasibisha kazi isiyo na saini na mchoraji fulani ni kutoa hukumu, na katika kesi za namna hii mashahidi ni watatu: jicho, karatasi na ubao. Kila mmoja ana alijualo na ana asilolijua. Hakimu anayemwita mmoja na kuwafungia wengine mlango atamnyang'anya mtu haki yake, kama alivyonyang'anywa Duccio.

Hadithi tamu

Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo, alichapisha kitabu cha maisha ya wasanii wa Italia. Mwaka 1568 alikichapisha tena kikiwa kimenenepa zaidi. Maisha ya kwanza kusimuliwa humo ni ya Cimabue. Vasari alikuwa mtu wa ukoo wa Medici, watawala wa Florence, na kitabu chake kina mwelekeo unaojulikana: uchoraji wa Italia ulikuwa umekufa, Florence ikaufufua. Cimabue akaanza, Giotto akaendeleza, wengine wakafuata hadi kumfikia Michelangelo.

Mfufuaji anahitaji muujiza, na Vasari akaupata kwenye ubao wa Santa Maria Novella. Anasimulia kwamba watu wa Florence walistaajabu mno walipouona, wakaubeba kwa maandamano na tarumbeta kutoka nyumbani kwa Cimabue hadi kanisani. Tena anasema kuwa ulipokuwa bado haujakamilika, Mfalme Charles wa Anjou alipita Florence, akapelekwa kuutazama, na wake kwa waume wakamiminika nyuma yake kwa shangwe, hata mtaa ule ukaitwa Borgo Allegri, yaani Mtaa wa Wenye Furaha.

Hadithi ina mfalme, ina tarumbeta, ina jina la mtaa ambalo mpita njia anaweza kulithibitisha. Nani angeikataa? Mwaka 1855 mchoraji kijana wa Uingereza, Frederic Leighton, alionyesha London mchoro mkubwa wa maandamano hayo, na Malkia Victoria akaununua kwa gini 600. Kufikia hapo tukio lilikuwa na picha yake, na watu hawaoni haya kuamini walichokiona kwenye picha.

Lakini mwiteni Vasari kizimbani. Aliandika akiwa mbali na tukio kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Anachokitegemea ni "inasemekana", pamoja na kumbukumbu za wachoraji wa kale asizozitaja kwa jina. Yeye ni mtu wa upande mmoja wa kesi: Florence ikishinda, kitabu chake kimeshinda. Na huyo mfalme wake, Charles wa Kwanza wa Anjou, alifariki tarehe 7 Januari 1285. Naomba tarehe hiyo muishike. Tutaihitaji baada ya dakika chache.

Karatasi

Santa Maria Novella palikuwa na chama cha waumini waliokutana kumwimbia Bikira Maria nyimbo za sifa. Kwa Kiitaliano waliitwa Laudesi. Tarehe 15 Aprili 1285 viongozi wa chama hicho walikutana na Duccio mbele ya mwandishi wa hati aliyetambuliwa na sheria, na makubaliano yakaandikwa kwa Kilatini. Duccio atachora ubao mkubwa. Ataweka juu yake sura ya Bikira, ya Mwanawe na za watu wengine. Ataupamba kwa dhahabu, na gharama zote ni zake. Akimaliza na kazi ikawapendeza wenyewe, atalipwa lire 150. Isipowapendeza, hawadaiwi senti, na ubao utabaki kwake.

Fundi yeyote wa samani katika miji yetu anaujua mkataba wa aina hiyo. Kabati lisipompendeza mteja, linabaki mlangoni pa fundi, na mbao ndiyo hasara yake. Wanachama wale hawakufikiria historia ya sanaa. Walikuwa wakilinda fedha za chama, na kwa kulinda fedha wakatunza jina.

Karatasi ile ilikaa kimya miaka 500. Mwaka 1790 Vincenzo Fineschi, mtawa wa Santa Maria Novella yenyewe, akaichapisha. Mngetarajia kwamba kesi ingeisha siku hiyo. Haikuisha. Waliosoma mkataba walikwisha kumwamini Vasari, kwa hiyo wakaona ni rahisi zaidi kusema kwamba ubao wa Duccio ni mwingine, umepotea, na huu uliopo ni wa Cimabue kama kawaida. Miaka 99 ikapita. Mwaka 1889 Franz Wickhoff, mwanazuoni wa Vienna, akauliza swali ambalo mtoto angeuliza: kanisa ni hilohilo, Bikira ni huyohuyo, ubao ni mkubwa kama mkataba unavyotaka. Kwa nini tutafute ubao uliopotea wakati huu uko mbele yetu?

Sasa rudini kwenye ile tarehe. Mkataba ni wa Aprili 1285. Kama ubao huu ndio ule wa mkataba, basi mfalme aliyeletwa kuutazama ukiwa katikati ya kuchorwa alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Hata hivyo, msiipigie karatasi makofi mapema. Mkataba unasema "ubao mkubwa". Hautaji malaika wangapi, wala kiti cha enzi kinaelekea wapi. Karatasi inajua kwamba Duccio aliahidi. Haijui kama ahadi ile ndiyo kitu hiki tunachokitazama. Ndiyo maana hata baada ya Wickhoff ubishi uliendelea kwa miongo kadhaa. Wako waliobaki na Cimabue. Wako waliokimbilia katikati wakamzua mtu wa tatu asiye na jina, wakamwita Fundi wa Bikira wa Rucellai. Ili karatasi ikutane na ubao, ilibidi aitwe shahidi mwingine.

Jicho

Redioni akiimba Bi Kidude, hakuna anayemngoja mtangazaji amtaje. Sauti yenyewe imekwisha kujitaja. Ukiulizwa umejuaje, huenda ukakosa la kujibu: ule mkwaruzo, namna anavyoivuta irabu, pale anapopumua. Mjuzi wa michoro anafanya jambo lilelile kwa macho. Amekaa na kazi za mchoraji miaka, hata mkono wa mchoraji ukawa sauti anayoizoea.

Katika karne ya 19 Giovanni Morelli, Mwitaliano aliyesomea udaktari, alijaribu kuuweka ujuzi huo kwenye utaratibu. Alisema msiangalie uso wa Bikira, maana uso ndipo kila mchoraji anapojitahidi na ndipo kila mwigaji anapoiga. Angalieni sikio, angalieni kucha, angalieni sehemu ambazo mkono unazimaliza kwa mazoea bila kufikiri. Hapo ndipo mtu anapojisahau, na anapojisahau ndipo anapojionyesha.

Tumjaribu Morelli hapa, ila badala ya sikio tuangalie nguo. Uffizi wameziweka katika chumba kimoja kazi tatu za Bikira kwenye kiti cha enzi: huu ubao wetu, ubao wa Cimabue uliotoka kanisa la Santa Trinita, na wa Giotto uliotoka kanisa la Ognissanti. Simameni kwanza mbele ya ule wa Santa Trinita. Joho la Bikira limechanuliwa kwa mistari ya dhahabu, mingi, mikavu, inayokwenda sambamba kila mahali nguo inapokunjika. Ni desturi ya kale iliyotoka kwa wachoraji wa ikoni wa Bizanti, na Cimabue anaitumia kwa mkono wa nguvu. Nguo inang'aa, inakuwa ngumu kama bati.

Kisha geukieni ubao wetu. Joho ni la buluu, na ndani ya buluu hiyo hakuna mistari ya dhahabu. Dhahabu yote imehamia pembeni, ikawa taraza moja nyembamba. Ifuateni taraza hiyo kwa jicho. Inaanza usoni, inazunguka shavu, inashuka kifuani, inajikunja, inapotea chini ya mkono, inaibuka magotini, inapinda tena na tena kama kijito kinachotafuta njia bondeni, mpaka inafika miguuni. Hakuna mahali inapokatwa kwa haraka. Aliyeichora alipenda mstari kwa ajili ya mstari wenyewe. Tena hakutumia mistari kuueleza mwili ulioko chini ya nguo. Aliiacha taraza ifanye kazi hiyo peke yake.

Mtu huyo tunamfahamu mahali pengine? Ndiyo, Siena. Mwaka 1308 kanisa kuu la Siena lilimpa Duccio kazi ya ubao wa altare kuu, ule unaoitwa Maestà, na huo hauna ubishi. Kuna nyaraka, na kuna maandishi chini ya kiti cha enzi yanayomwomba Mama wa Mungu aipe Siena amani, na ampe Duccio uhai kwa kuwa amemchora hivi. Uwekeni karibu na ubao wa Florence. Malaika ni wa ukoo mmoja, wenye mavazi ya waridi, ya zambarau hafifu na ya kijani kilichofifia, rangi ambazo Cimabue hazichezei kwa upole huo. Mstari ni uleule usio na haraka. Kwa hiyo jicho likasema: aliyechora ule amechora na huu. Karatasi ilikuwa na jina bila kitu, jicho lilikuwa na kitu bila jina. Walipokutana, kesi ikaanza kuwa kesi.

Historia ina dhihaka zake, na hapa ipo moja. Tarehe 9 Juni 1311 ubao wa Maestà ulitoka karakana ya Duccio kwenda kanisa kuu la Siena. Maduka yalifungwa, kengele zikalia, tarumbeta zikavuma, mji mzima ukafuata nyuma. Yale maandamano ambayo Vasari aliyaweka Florence kwa ajili ya Cimabue yalitokea kweli, ila Siena, kwa ajili ya Duccio. Wanazuoni kadhaa wanaona kwamba kumbukumbu ya sherehe hiyo ndiyo iliyosafiri ikabadilisha mwenyeji njiani. Vasari mwenyewe aliandika kwamba aliutafuta ubao wa Maestà asiupate. Ulikuwa Siena, umeondolewa tu altare kuu tangu 1506.

Lakini jicho nalo lisiondoke kizimbani bila kuulizwa maswali. Joho ninalowaambia ni la buluu lilikuwa kwa muda mrefu karibu jeusi. Ni matengenezo yaliyokamilika mwaka 1989 yaliyoirudisha buluu ya azuraiti. Wanazuoni wote waliobishana kabla ya hapo, akiwemo Wickhoff, walihukumu kwa kutazama giza. Pia jicho huweza kumuona mtu asiyekuwapo. Mwaka 1899 Bernard Berenson, aliyekuja kuwa mjuzi mashuhuri kuliko wote, alikusanya michoro kadhaa inayofanana na ya Sandro Botticelli, akatangaza kuwa ni ya mchoraji mmoja aliyesahaulika, akambatiza Amico di Sandro, Rafiki wa Sandro. Miaka ilipopita akaona kosa, akamfuta, akawagawia wachoraji wengine kazi zake zote. Rafiki huyo aliishi, akasifiwa na akafa bila kuzaliwa.

Ubao

Shahidi wa tatu hana hadithi wala ladha. Anaeleza alivyotengenezwa na yaliyompata.

Michoro hii haikuanza na rangi. Seremala alichukua mbao za mti wa popla, akaziunganisha, akazilainisha. Juu yake zikapakwa gundi ya ngozi ya mnyama, mara nyingi na kitambaa cha kitani, kisha jasi tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Palipotakiwa dhahabu pakapakwa udongo mwekundu, na juu ya udongo zikalazwa karatasi za dhahabu zilizofuliwa nyembamba hata pumzi ingezipeperusha. Rangi zikasagwa na kuchanganywa na kiini cha yai. Chini ya ngozi za nyuso pakatangulia rangi ya kijani, ndiyo maana nyuso nyingi za zama hizo, zikichakaa, huonekana kama za wagonjwa. Kila hatua inaacha alama, na alama hizo eksirei na mionzi ya infraredi huzisoma.

Nitawapa mfano mmoja wa karibu kabisa na siku zetu. Mwaka 2019, katika nyumba moja ya mji wa Compiègne, kaskazini mwa Ufaransa, kulikuwa na kibao kidogo kilichotundikwa jikoni, juu ya jiko. Kinamwonyesha Kristo akidhihakiwa katikati ya kundi la watu. Mwenye nyumba, mama mzee, alikichukulia kuwa ikoni ya kawaida. Nyumba ilipokuwa ikihamishwa vitu, mtu wa mnada akakitilia shaka, kikapelekwa kwa wajuzi Paris.

Wajuzi walikuwa wakijua vibao viwili vinavyolingana nacho kwa ukubwa, kila kimoja karibu sentimita 25 kwa 20. Cha kwanza, kinachoonyesha Kristo akichapwa mijeledi, kilinunuliwa na Frick Collection ya New York mwaka 1950. Kwa nusu karne wanazuoni walikivuta huku na huku kati ya Duccio na Cimabue, kesi ileile ya Santa Maria Novella ikiwa imepunguzwa ukubwa. Mwaka 2000 kikatokea cha pili katika jumba la Benacre, Suffolk, Uingereza: Bikira na Mtoto na malaika wawili. Sasa kiko National Gallery, London. Mapambo ya ukingoni yalikuwa mamoja, na ubishi wa New York ukapoa: vyote viwili vya Cimabue.

Kibao cha jikoni kilipofika Paris, hakikutazamwa uso tu. Kiligeuzwa mgongo. Ubao wa popla ulikuwa umebunguliwa, na vijia vya wadudu vilivyomo vikalinganishwa na vile vya ndugu zake wawili. Vililingana. Bungua mmoja alikuwa ameanza safari kwenye ubao mmoja na kuimalizia kwenye mwingine, wakati vyote vilipokuwa bado kitu kimoja, kabla mtu hajashika msumeno. Hakuna mghushi anayeweza kumwagiza mdudu wa namna hiyo. Tarehe 27 Oktoba 2019 kibao kiliuzwa kwenye mnada mjini Senlis. Kilikisiwa kupata euro milioni 4 hadi 6, kikapata zaidi ya milioni 24. Serikali ya Ufaransa ikakizuia kisitoke nchini, na mwaka 2023 kikaingia Louvre.

Sasa niulizeni swali gumu: mdudu alithibitisha nini hasa? Alithibitisha kwamba vibao vitatu ni ndugu. Hakututajia baba. Jina la Cimabue lilitoka kwa jicho, kwa kulinganisha vibao hivi na kazi kubwa zinazonasibishwa naye. Na hizo kazi kubwa nazo? Kazi moja tu iliyopo leo ina nyaraka zinazomtaja Cimabue kuwa aliifanya: sura ya Mtakatifu Yohana katika kanisa kuu la Pisa, ya mwaka 1301 hadi 1302. Na hiyo hata si mchoro wa rangi ya yai. Ni mozaiki, vipande vidogo vilivyopangwa ukutani. Mnyororo wote unaotoka Pisa mpaka kwenye lile jiko la Compiègne umeungwa kwa jicho, pete kwa pete. Mimi naukubali mnyororo huo. Ila anayeukubali lazima ajue umefungwa wapi.

Jina lina bei

Nimetaja euro milioni 24 kwa makusudi. Kibao kile, kwa mbao na dhahabu yake, kingeuzwa sokoni kwa bei ya meza. Kilichobaki cha bei ni jina. Na penye jina lenye bei hiyo, mashahidi huhongwa. Berenson huyohuyo alikuwa na mapatano ya siri na mfanyabiashara wa sanaa Joseph Duveen, na alipata mgawo wake katika mauzo. Mjuzi anayelipwa pale jina kubwa linapotoka hawezi kulalamika akiulizwa mara mbili.

Mwaka 2004 Makumbusho ya Metropolitan ya New York ilinunua Bikira na Mtoto mdogo wa Duccio, wa sentimita 28 hivi kwa 21, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 45. Miaka miwili baadaye profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia alidai hadharani kwamba si wa Duccio kabisa, ni wa karne ya 19. Makumbusho haikuyumba, na wanazuoni wengi wako upande wake. Mimi ninapotazama picha ya ubao ule, macho yangu hushuka kwanza chini, kwenye ukingo wa fremu ya asili. Pameungua. Ni alama za mishumaa, iliyowashwa karibu mno na mtu aliyekuwa akisali. Shahidi wa ubao anasema kwamba kitu hiki kiliombewa dua muda mrefu kabla ya kupigiwa hesabu.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya hili "nani aliuchora". Ubao wa mita nne na nusu hauchorwi na mtu mmoja. Yuko seremala, wako vijana wa kusaga rangi, yuko wa kulaza dhahabu, wako wa kuchora sura ndogo 30 za duara zilizoizunguka fremu. Duccio ndiye aliyesimama mbele ya mwandishi wa hati na kubeba hasara kama kazi ingekataliwa. Jina, katika karne ile, lilikuwa dhamana zaidi ya kuwa saini ya mkono. Ndiyo sababu lebo za makumbusho zina ngazi: "Duccio", "Duccio na karakana yake", "karakana ya Duccio", "mfuasi wa Duccio". Msomaji wa haraka anaona Duccio mara nne. Msomaji makini anaona hukumu nne tofauti, kila moja na uzito wake wa ushahidi.

Hukumu yangu juu ya Bikira wa Rucellai ni hii: ni wa Duccio. Nasema hivyo kwa kuwa mkataba wa 1285 unataja jina na kanisa, taraza ya joho inakubaliana na Maestà ya Siena, na matengenezo ya 1989 yameiruhusu ile buluu kutoa ushahidi wake yenyewe. Mmoja wa hawa akinyamaza, ningesema "yamkini". Mashahidi wawili wakinyamaza, ningenyamaza na mimi.

Wanafunzi wangu, mtakapoingia makumbusho yoyote, msianze kwa kupiga picha. Someni lebo, kisha ulizeni: jina hili limetolewa na nani kati ya wale watatu? Mkijibiwa kwamba inasemekana, mkumbukeni mfalme wa Vasari, aliyekwenda kuutazama ubao ambao mkataba wake uliandikwa akiwa ameshazikwa.